Banda Lisilo na Ukuta wa Kati

Mombasa,
21 Februari 1999

Mpendwa Mjomba Ndolo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na goti likiwa limepoa. Sisi huku tunapikwa na joto. Mume wangu Wambugu amenunua feni ya pili na bado analala sakafuni. Watoto wamejifunza kuogelea baharini, jambo ambalo Mama akilisikia kule Kithimani atafunga na kuomba wiki nzima, kwa hiyo usimwambie. Msalimie sana Anti Nduku na umwambie zile kunde alizotuma tulizimaliza kabla hazijapoa sufuriani.

Sasa neno lililonifanya nichukue kalamu. Unajua vyondo vyetu vinasukwa na akina mama wa hapo Kalama majumbani mwao, kisha vinapelekwa godauni letu la Nairobi kutiwa mishikio ya ngozi na kukaguliwa, halafu vinakuja kwangu huku bandarini. Godauni lile halina hata dirisha moja. Wanaofanya kazi humo wanatoka jioni bila kujua kama mvua ilinyesha. Mkataba wa kupanga unakwisha mwisho wa Oktoba, na Kimotho, mwenzangu katika kampuni, anataka tuhamie godauni jingine la mabati huko Athi River. Mimi sitaki. Nataka tuhamie kwenye banda la ng'ombe la Babu.

Najua unacheka. Lakini mimi nakumbuka nilipokuwa mdogo nikija likizo, nikisimama mlangoni mwa lile banda naona milima ya Kalama yote mbele yangu. Kwa nini mtu asifanye kazi mahali kama hapo? Mama amekubali, na kwa kuwa shamba ni lenu wawili, nangoja neno lako. Rafiki yangu Lavender, ambaye kazi yake ni kuchora ramani za majengo, ameshachora. Kuta zote za kugawanya ng'ombe zibomolewe, liwe jumba moja. Upande wa mlima ufunguliwe madirisha kutoka magotini hadi juu. Maji ya paa yaingie tangini, na ile mitaro ya fanya juu ya kuzuia udongo ipandwe makonge na miti ya kutoa rangi, ili mtu akiinua macho aone kile anachokishika mkononi kikiota pale nje.

Kimotho amekubali shingo upande. Ikifika mwisho wa Oktoba na kazi ya kumalizia vyondo haiendi sawasawa bandani, anatia sahihi Athi River, na akina mama wa Kalama wataendelea kusukia jikoni mwao bila mshahara wa mwezi. Nakuomba usimamie ujenzi, na ukiisha uwe mtunza stoo wetu.

Mpwa wako,
Nyakio


Kalama,
14 Machi 1999

Mpwa wangu Nyakio,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa mtu wa Kalama ukimwambia shikamoo anaangalia mikono yako aone unataka akushikie nini. Sisi hatujambo. Goti langu liko pale pale linalalamika. Anti yako Nduku amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na tangu siku hiyo hatuwezi kuongea naye hapa nyumbani bila ajenda. Mama yako alipita Jumapili akitoka Kithimani. Mambo ya kuogelea sikumwambia, lakini alikuwa anajua tayari. Usiniulize nani.

Banda nimekwenda kuliona. Ile El Niño ya juzi iling'oa mabati ya upande mmoja ikayapeleka shambani kwa jirani, naye akayajengea kuku. Juu wanaishi bundi. Samadi ya chini imekauka ikawa ngumu kushinda simiti. Lakini mawe ya Baba hayajasogea hata kidogo. Nilisimama hapo ndani nikaona kama nitamsikia akiongea na wale ng'ombe wake, unajua aliwasema kushinda alivyotusema sisi. Nilifurahi, Nyakio. Nakubali, na fundi anaanza wiki ijayo.

Jambo moja tu. Watu wote kukaa chumba kimoja bila ukuta, kila mtu anamwona kila mtu, sijui. Lakini wewe ndiye bosi, na mimi sijawahi kufanya kazi ofisini.

Mjomba wako,
Ndolo


Mombasa,
2 Mei 1999

Mpendwa Mjomba,

Picha zimefika. Wambugu alidhani ni kanisa jipya. Huku mvua ya masika imemwagika mpaka barabara ya kwenda dukani ikawa mto, na mtoto wa pili amepata tetekuwanga, anajikuna huku akituomba tusimuone. Wote wengine wazima. Salamu kwa Anti mwenyekiti.

Umefanya kazi nzuri. Lavender ameiona ile picha ya madirisha akaibandika juu ya meza yake. Nimefurahi zaidi kuona mitaro imepaliliwa.

Sasa nina habari ambayo nimeiweka ili nikufurahishe. Tumetafuta mtu wa kuwaongoza akina mama ndani ya banda, mtu ambaye akishika kiondo anajua uzi ulilegea wapi. Kila tuliyemuuliza alitaja jina moja, Mama Nzisa. Mama mkwe wako mwenyewe, Mjomba! Nilimwandikia na amekubali. Hajawahi kuajiriwa maisha yake yote, na barua yake ilionyesha wazi kwamba alimwandikisha mtu huku yeye akicheka kwa furaha. Kwa hiyo kazi itakuwa ya nyumbani kabisa. Nimemwambia Lavender aweke meza yako katikati ya jumba na meza yake mkabala na yako, mtazamane, ili vyondo vikitoka kwake vije moja kwa moja kwako.

Niambie umefurahi.

Nyakio


Kalama,
30 Mei 1999

Mpwa wangu Nyakio,

Pole kwa tetekuwanga. Mwambie mtoto asijikune usoni, hayo mengine yatafichwa na nguo. Sisi tuko salama, mahindi si mabaya, na Anti yako amenunua kengele ya mikutano.

Madirisha yote yameingia. Asubuhi jua likitoka linaingia hadi ukuta wa nyuma, na kutoka ndani unaona mitaro inavyoshuka mmoja baada ya mwingine mpaka bondeni, na ng'ambo milima. Fundi mwenyewe anaketi humo kula chakula chake cha mchana, na hapo mwanzo alikuwa anaenda hotelini. Tangi limejaa kwa mvua iliyobaki. Samadi tuliivunja kwa sururu, nikaipeleka kwenye makonge.

Kuhusu huyo mama uliyemchagua, ni mtu wa maana sana. Sina neno.

Kuna ukuta mmoja wa katikati bado haujabomolewa. Mimi naona tuuache. Ni mzee, na nadhani umeshikilia paa. Tena una mchwa ndani, ukibomolewa mchwa watatawanyika kila mahali. Na Baba aliujenga kwa sababu zake. Tuuache tu.

Ndolo


Mombasa,
20 Juni 1999

Mjomba mpendwa,

Tumepona sote. Mama anatarajia kuja kututembelea mwezi wa tisa, na watoto wameanza kuficha nguo za kuogelea.

Nimemuuliza Lavender juu ya ule ukuta. Anasema haushikilii kitu, kenchi za paa zinalala kwenye kuta za nje, na mchwa hawakai ndani ya mawe. Mjomba, mchwa na mawe wapi na wapi? Ukuta huo ukibaki, nusu ya watu hawatauona mlima, na hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kazi yote. Tafadhali ubomoe. Mama Nzisa na wenzake wanaanza tarehe moja.

Nakupenda, bosi wako mkorofi,
Nyakio


Kalama,
18 Julai 1999

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Baridi imeshuka Kalama, asubuhi ukungu unakaa kwenye mitaro hadi saa nne. Anti Nduku ana mafua.

Ukuta umebomolewa kama ulivyosema. Akina mama wameanza. Kazi inakwenda polepole kidogo kwa sababu ya baridi. Pia kulikuwa na msiba Wamunyu, ikabidi niende. Halafu goti. Halafu bomba la tangi lilikuwa linavuja na ikanilazimu kukaa nje nikiliangalia, siku kadhaa. Vyondo vingine havijaandikwa stoo lakini viko.

Salimia wote.

Ndolo


Mombasa,
15 Agosti 1999

Mjomba,

Tumesikia Anti anaumwa, tunamwombea.

Kimotho alipita Kalama bila kuwaambia. Alikuta vyondo vimerundikwa nje, juu ya mtaro, kwenye umande. Ndani akina mama wamekaa hawana la kufanya kwa kuwa hakuna wa kuwapa ngozi wala wa kupokea kazi. Mama Nzisa alikuwa nje, amekaa peke yake ameipa nyumba mgongo, akishona mishikio kwenye baridi. Kimotho alipouliza mtunza stoo yuko wapi, alikuona kwa macho yake ukitoka dirishani. Dirishani, Mjomba, na mlango uko wazi.

Kimotho anasema unakunywa. Nilikutetea, lakini nilipokata simu nilikaa nikalia. Nimekuandikia wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa likizo, na sitaki kuamini la mtu mwingine kabla ya lako. Kuna nini? Nieleze ukweli wote. Mambo yakiendelea hivi sitakuwa na nguvu ya kumzuia Kimotho, banda litafungwa, na itabidi hata kabla ya hapo niweke mtu mwingine stoo.

Nyakio


Kalama,
29 Agosti 1999

Nyakio,

Anti yako amepona.

Sinywi. Muulize yeye, muulize pasta, muulize hata fundi. Mambo mengine hayaandikwi. Hata kuyasema kwa mdomo hayasemwi. Huyo mama hana kosa, asiguswe, na kazi yake asinyang'anywe.

Weka mtu mwingine stoo. Funguo nitampa Anti Nduku azitunze.

Ndolo


Mombasa,
26 Septemba 1999

Mjomba wangu mpendwa sana,

Shikamoo mara nyingi kadiri utakavyokubali kuzipokea. Nimekaa mwezi mzima bila kukujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na sasa naandika kwa kicheko na aibu, sijui kipi kimezidi.

Mama amefika. Alipomaliza kuwagombeza watoto kuhusu bahari, nilimsomea barua zako zote na kumweleza niliyokuandikia, nikitaka anisaidie kujua ndugu yake amepatwa na nini. Alisikiliza akila embe. Nilipofika pale niliposema meza yako na ya Mama Nzisa zitazamane, aliweka embe chini. Akaniuliza, "Umesema zitazamane?" Nikamwambia ndiyo, Mama, ili kazi iende haraka. Akaniangalia kama mtu aliyemkuta mtoto wake anakula sabuni. Kisha akacheka, Mjomba, akacheka mpaka Wambugu akaja na maji. Alipoacha kucheka alinikasirikia kweli.

"Nthoni, Nyakio," akasema. "Mkwe na mama mkwe. Hawatazamani machoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anashukia kwenye majani. Miaka yote hiyo Ndolo hajawahi hata kukaa safu moja na Nzisa kanisani. Wewe umevunja kila ukuta ukawaweka pua kwa pua tangu asubuhi hadi jioni. Ulitaka atoke wapi kama si dirishani?"

Nililelewa Kithimani dukani kwa Baba, kwa watu wa upande wake wenye desturi nyingine, na wewe unajua jinsi tulivyokuwa tunaongea na kila anayekuja kununua sukari. Neno lenyewe nthoni nimelisikia mara nyingi. Nilidhani ni aibu tu ya kawaida, ile ya mtoto akipitia mbele ya wageni. Sikujua kuwa inajengewa ukuta. Mama anasema Babu aliujenga ule wa katikati kwa ajili ya mama mkwe wake aliyekuwa akija kukamua. Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake, na wewe uliniambia kwa njia pekee uliyoweza, nami nikakujibu habari za mchwa.

Nisamehe. Nilikubali neno "pombe" likaingia nyumbani kwangu likakaa. Chukua funguo kwa Anti Nduku leo hii. Mwite fundi aujenge ukuta upya, mkubwa kuliko ule wa kwanza, Lavender nitamkabili mimi. Kimotho anakuja wiki ya tatu ya Oktoba kukagua kwa mara ya mwisho. Kama ukuta hautakuwa umekauka, mwambie aje kwangu kwanza.

Mama anasema wewe ni mjinga lakini ni mjinga mwenye adabu, na anakupenda.

Nyakio


Kalama,
24 Oktoba 1999

Mpwa wangu mpendwa Nyakio,

Nianze na unachongojea. Kimotho amekuja, amekagua, na hatatia sahihi Athi River. Kaa chini unywe maji kabla hujaendelea. Mimi mwenyewe nilikunywa, na Anti yako Nduku alinifungulia soda ambayo alikuwa ameiweka kwa ajili ya askofu. Sisi wote wazima. Mvua ya vuli imeanza kidogo, goti lilituambia kabla ya redio.

Sasa kwa kuwa mama yako amekwisha kulitoa hadharani, niseme yote nipumue. Ule mwezi wa saba nilikuwa mtu wa taabu. Yule mama uliyemchagua akiingia kwa mlango wa mbele mimi natoka kwa wa nyuma. Ukiondoa ile ya Kimotho, nimetoka dirishani mara nyingi kuliko zinazofaa mtu wa umri wangu, na siku moja niliangukia kwenye makonge, mtu asikudanganye kuwa ule mmea una huruma. Sikukuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Ya pili ni kwamba ningelalamika, ungemwondoa yeye ukaniacha mimi, maana mimi ni damu yako. Na yule mama alikuwa amenunua viatu vipya vya kuendea kazini. Nilimwona akivivaa kwa mbali, huko njiani, akivipangusa kwa majani kabla ya kuingia. Sikuweza.

Kumbe na yeye alikuwa anakaa nje kwenye baridi ili mimi niweze kuingia ndani. Hatukuambiana. Tungeambianaje?

Ukuta haujajengwa, na usikasirike, ngoja nikueleze. Barua yako ilikuwa bado iko njiani. Jumatatu moja Nduku alinipa funguo akaniambia nenda ufungue tu, halafu urudi. Nilipofika nilikuta akina mama wamenitangulia, ufunguo wa pili alikuwa nao yule mama. Nikachungulia. Katikati ya jumba, kutoka kenchi za mbele hadi za nyuma, walikuwa wamefunga mianzi, na juu ya mianzi wameanika nyuzi zote za makonge zilizotiwa rangi, nyekundu, kahawia, nyeusi, zimeshuka nzito hadi karibu na sakafu. Aliwaambia wenzake kwamba upepo wa nje unakausha vibaya na rangi inapauka, kwa hiyo kuanzia sasa nyuzi zitaanikwa ndani, hapo hapo katikati, kila siku. Wayua yule mdogo anayeshona mishikio aliniambia hivyo akiwa anaangalia viatu vyake. Kila mtu alijua, na hakuna aliyecheka.

Meza yangu ilikuwa imehamishiwa upande huu wa nyuzi, na yake upande ule. Madirisha tumegawana, kwangu mlima na kwake mlima. Vyondo vilivyokwisha vinapitishwa chini ya nyuzi, navipokea, naandika. Ngozi naisukuma nayo inapokelewa. Kazi ilianza kwenda, Nyakio. Nilipopata barua yako nilikwenda kumwambia fundi asije.

Kimotho alifika Alhamisi. Alianzia upande ule wa pili, nikamsikia akizunguka na viatu vyake vya mjini, akiuliza hiki na kile. Akasimama mbele ya nyuzi, nadhani alizishika, maana zilitikisika. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake, "Na huyu mtunza stoo mnayemsifu yuko wapi? Au leo ametoka dirishani tena?"

Akina mama waliinamia kazi zao. Nilijua lazima nijibu, na sikuweza, kwa sababu kujibu ni kuinua sauti nikiwa hatua chache kutoka kwa yule mama. Kalamu ilikuwa mkononi tu.

Ndipo akasema yeye. Miaka yote tangu nimwoe binti yake sijawahi kuwa na jina kinywani mwake. Nimekuwa "wale wa kule", nimekuwa "nyumba ya Nduku". Siku hiyo alisema kwa sauti ya juu, kila mtu akasikia, akamwambia Kimotho, "Hakutoka mahali. Muulize mwana wakwa, yuko hapo anafanya kazi."

Mwana wakwa. Mwanangu.

Kimotho aliita mara mbili. Nilifikiri nitajibu "niko hapa, bwana" kama inavyofaa. Lakini si yeye niliyemjibu. Nilisema, "Niko hapa, Mwaitu," neno la kumwita mama, ambalo tangu mama yangu azikwe nilikuwa sijamwambia mtu.

Mjomba wako mwenye stoo,
Ndolo